Warlock wa World of Warcraft Classic: ana raha au ni mateso? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananifuata na swali lile lile: "Nianze na Warlock, nitafurahi?" Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, kwa hiyo nimeyakusanya yote hapa. Ninayemzungumzia ni Warlock, yule mchawi wa sumu na mapepo, wa World of Warcraft Classic, ile gemu ya mtandaoni ya mwaka 2004 ambayo kampuni ya Blizzard waliirudisha Agosti 2019. Wa toleo la kisasa ana swali lake huko chini. Nimemfikisha leveli 60 mara tatu, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, basi nisome ukilijua hilo.

Jibu la mkato: anafurahisha au la?

Anafurahisha sana kuanzia leveli 10 hadi 60. Kwenye reidi, yale mapambano ya kundi kubwa dhidi ya mabosi, anachosha. Ukipambana na wachezaji wenzako, raha inarudi yote.

Ila ni raha ya aina yake. Mage, yule mchawi wa moto na barafu, anakurushia bonge la moto, namba kubwa inatokea, kelele, adui chini. Warlock ni mtu wa madeni. Unampaka adui sumu mbili tatu, unageuka kushughulika na wa pili, na yule wa kwanza anakufa nyuma yako bila hata kumtazama. Kama ulikuwa mtoto wa kutega ndege kwa ulimbo na kusubiri kivulini, umefika nyumbani. Kama ulikuwa wa kurusha manati, chukua Mage, hutajuta.

Sijawahi kumgusa. Anapigana vipi hasa?

Fikiria daftari la duka. Upande mmoja uhai, upande mwingine mana, yaani nguvu ya kufanyia uchawi. Kwa wahusika wengine wenye mana, ikiisha unakaa chini unakunywa maji nusu dakika, halafu unaendelea. Warlock, kuanzia leveli 6, ana kitu kinaitwa Life Tap: anakata uhai wake mwenyewe anaugeuza kuwa mana. Leveli 14 anapata Drain Life, anamnyonya adui uhai kuziba lile pengo. Ukijumlisha hayo mawili, umepata mashine isiyosimama.

Pambano la kawaida leveli 25 linakwenda hivi. Unaweka sumu ya Corruption, unaweka laana ya Curse of Agony, pepo wako anaingia kazini, wewe unaanza kunyonya. Ukiwekeza vipaji kwenye Affliction, tawi la sumu, utakikuta kipaji cha Fel Concentration, na hicho kikijaa, kupigwa hakukukatishi kunyonya mara nyingi. Hapo unaweza kumwacha adui akutwange usoni huku unakunywa damu yake. Wazungu wana jina lake maalumu, mimi naita kunyonya kwa ubishi. Ukikizoea unaua wanne watano mfululizo hujakaa kitako hata mara moja, na mwenzako Mage bado anatafuna mkate wake pale chini ya mti.

Ubaya wake: ukitazamwa kwa mbali unaonekana mahututi muda wote. Mponyaji wa kikundi anakereka sana. Anakujaza uhai, wewe unabonyeza Life Tap, unarudi nusu, anakujaza tena, unakata tena. Ana haki ya kukasirika, mana yake ndiyo unayoila kwa mlango wa nyuma. Ustaarabu ni kujifunga bendeji mwenyewe, au kumuuliza kwanza kama ana ziada.

Mapepo yake yanapatikana lini, na yupi ni mzuri?

Imp unaye tangu mwanzo kabisa. Analalamika kila ukimwita, ana mdomo, lakini usimdharau: kikundi chote kinaongezewa nguvu ya mwili kwa yeye kuwepo tu. Voidwalker anakuja leveli 10, na ndiye atakayekulea. Anasimama mbele anapigwa badala yako, na mambo yakiharibika unamtoa kafara, unapata ngao ya kukimbilia. Juu ya leveli 40 hivi ataanza kukuangusha, maadui wanamwacha wanakufuata wewe, hapo ndipo wengi wanahamia kwa Succubus, anayekuja leveli 20. Anachapa vizuri na anaweza kumduwaza adui wa umbo la binadamu akasimama kama sanamu. Leveli 30 ni Felhunter, mbwa wa ajabu anayekula uchawi. Mage akikuona na huyo mbwa hubadilisha njia.

Kuna wakubwa zaidi, Infernal wa leveli 50 na Doomguard wa leveli 60. Hao ni wa kupigia picha. Infernal, ukishindwa kumdhibiti anakugeukia wewe, na kumwita Doomguard kunahitaji watu watano na mmoja wenu anakufa katika tambiko. Tumewahi kufanya mara moja, kwa kicheko tu.

Hivi vipande vya roho ni usumbufu kama wanavyosema?

Ni zaidi ya wanavyosema, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Karibu kila kitu cha maana anachofanya Warlock kinalipwa kwa kipande cha roho. Kumwita Voidwalker, kimoja. Succubus, kimoja. Felhunter, kimoja. Kutengeneza jiwe la uhai la kumpa mwenzako, kimoja. Jiwe la kumfufua mtu, kimoja. Kumwita mtu kutoka mbali, kimoja. Imp peke yake ndiye wa bure, labda ndiyo maana analalamika.

Kipande unakipata kwa kumnyonya adui roho kwa Drain Soul wakati anakata kauli. Lazima awe adui wa hadhi yako. Ukienda kuchinja sungura wa leveli 5 hupati kitu. Halafu vipande havipangwi kimoja juu ya kingine. Kila kimoja kinakalia nafasi yake kwenye mfuko, kama abiria wa daladala anayekataa kusogea. Ukiwa na vipande 20 umepoteza nafasi 20 za kuwekea ngozi, nguo na mitishamba ya kuuza.

Ipo mifuko maalumu ya roho, na mkubwa kabisa una nafasi 28, lakini mfuko huo haubebi kitu kingine chochote. Kwa hiyo Warlock ni tajiri wa roho na maskini wa mizigo.

Sasa weka hayo kwenye usiku wa reidi. Watu 40 wanakusanyika saa mbili. Wao wanafika saa mbili. Wewe unatakiwa umefika saa moja, upo porini peke yako unavuna roho, maana kila mtu atataka jiwe lake la uhai, na bosi akiwaangusha wote mnaanza upya, na mawe nayo yanaanza upya. Chama changu cha kwanza (kundi la kudumu la wachezaji) kilikuwa na Warlock watatu, tukawa tunagawana zamu ya kuvuna kama watu wa mtaa wanaogawana zamu ya kuchota maji. Mmoja alikuwa anakuja na vipande vinne, kila wiki, na maelezo mapya. Sitamtaja, lakini anajijua.

Je, inaua raha? Kwangu haikuua. Baada ya muda mkono unavuna wenyewe, adui akibakiwa na uhai kidogo unabonyeza bila kufikiri. Tatizo ni siku ile umesahau, umefika mlango wa danjeni (pango la maadui la kuingia kwa kikundi), kikundi kinasubiri, na huna hata kimoja.

Kwa hiyo kwa nini watu wanamng'ang'ania kwenye vikundi?

Kwa sababu anawafupishia safari. Kuanzia leveli 20, Warlock akishafika mlangoni na wenzake wawili, anaweza kumvuta wa nne na wa tano kutoka upande mwingine wa dunia. Katika gemu ambayo kutembea kutoka mji hadi danjeni kunaweza kumeza dakika 20, hilo si jambo dogo. Watakuita ndugu, watakuita mkuu, watakuita chochote.

Kuna pia jiwe la uhai, ambalo kwenye chama chetu tunaliita peremende. Na kuna Soulstone: unaihifadhi roho ya mponyaji kabla ya pambano, nyote mkianguka yeye anaamka mwenyewe anawafufua wengine. Mchawi mpe mwana akulelee, walisema wahenga, na mponyaji anayemkabidhi Warlock roho yake ndiye anayeielewa methali hiyo kwa vitendo.

Fear, ule uchawi wa kumtisha adui, inafaa wapi na haifai wapi?

Porini ukiwa peke yako, na dhidi ya wachezaji, ni silaha yako bora. Adui anatimua mbio bila mpango huku sumu zako zinamla.

Danjeni, mikono mbali. Adui anayekimbia hakimbilii ukutani. Anakimbilia kwenye chumba cha pili ambako wapo sita, anarudi nao. Nilifukuzwa kwenye kikundi changu cha kwanza cha Scarlet Monastery kwa kosa hilo, na walifanya sawa kunifukuza.

Kwenye reidi mbona umesema anachosha?

Kwa sababu wanamnyang'anya kile kinachomfanya awe Warlock. Kwenye seva za 2019, bosi alikuwa anabeba sumu na laana 16 tu kwa wakati mmoja, za wachezaji wote. Watu 40 wanagombania nafasi 16. Sumu zako hazimo kwenye bajeti. Kiongozi wa reidi atakuambia weka laana moja uliyopangiwa, labda Curse of the Elements au Curse of Recklessness, halafu piga Shadow Bolt. Na Shadow Bolt. Na nyingine. Mtindo uliozoeleka ni kumtoa Succubus kafara kabla ya pambano upate asilimia 15 zaidi ya nguvu za giza, kwa hiyo hata pepo huna. Umebaki wewe na kitufe kimoja.

Juu ya hapo kuna suala la hasira ya bosi, maana humfuata anayemkasirisha zaidi. Warlock wa Classic hana namna ya kuishusha, na akibahatisha mapigo mawili makubwa mwanzoni, bosi anamwacha tanki (yule wa kupokea kipigo, si la maji) anakuja kumsalimia. Ukitaka kujua Warlock mzuri, tazama kama anajua kungoja sekunde chache za mwanzo bila kubonyeza kitu.

Yapo mapambano machache yanayomrudishia heshima. Kwenye reidi ya Molten Core, kwa bosi Garr, wale vijakazi wake wanane wa moto wanafungiwa na Warlock kwa Banish, na ukichelewa kurudia kufuli kila mtu anajua ni wewe. Na kwenye reidi ya Ahn'Qiraj kuna mapacha wawili wafalme. Mmoja, Vek'lor, silaha za chuma hazimdhuru, basi Warlock anavaa mavazi ya kukinga giza anakuwa tanki mwenyewe, anamchokoza kwa Searing Pain hadi mwisho. Usiku nilioifanya kazi hiyo sikupata usingizi, na si kwa woga.

Season of Mastery, seva za msimu zilizoanza Novemba 2021, iliondoa kile kikomo cha 16. Kwa hiyo kabla hujaamua, uliza seva unayokwenda ina kanuni gani. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika.

Ni kweli anapata farasi bure?

Kweli. Leveli 40 wenzako wanahaha kutafuta dhahabu kama 100 za mnyama wa kupanda na mafunzo yake. Wewe unatumwa hadi mji wa Ratchet, unafundishwa kumwita Felsteed, farasi mwenye moto kwatoni, unaondoka naye. Paladin peke yake ndiye mwenye bahati kama hiyo. Yule wa leveli 60, Dreadsteed, ana safari ndefu yenye gharama zake na inaishia kwenye tambiko ndani ya danjeni ya Dire Maul, unahitaji marafiki wa kweli.

Niko Afrika Mashariki. Pingi (muda wa data kwenda na kurudi) itaniacha nicheze?

Seva ya karibu na sisi ni ya Ulaya, na data inazunguka chini ya bahari hadi kufika. Mimi nikiwa Dar napata kati ya milisekunde 150 na 200 siku njema. Kwa Rogue au Warrior, wapiganaji wa karibu, hilo linauma, wao wanategemea kubonyeza papo hapo. Warlock anaumia kidogo sana. Shadow Bolt inachukua sekunde mbili na nusu hata ukiwa na vipaji, na Curse of Agony inafanya kazi yake sekunde 24 iwe mtandao umeganda au haujaganda. Ni mojawapo ya sababu nilizobaki naye. Nimewahi kukatikiwa na intaneti katikati ya pambano, niliporudi adui alikuwa amekufa kwa sumu.

Bando linaliwa wakati wa kupakua gemu na masasisho yake. Kucheza kwenyewe kunatumia kidogo kuliko kutazama video.

Malipo ni ya mwezi, euro 12.99 kwa akaunti ya Ulaya, na zile leveli 20 za majaribio ya bure ni za toleo la kisasa, si Classic. Tumia kadi inayokubali manunuzi ya nje. Kadi za mtandaoni za simu zimenifanyia kazi.

Vipi Hardcore?

Seva rasmi za Hardcore zilifunguliwa Agosti 2023: ukifa mara moja, basi. Warlock huko ni mmoja wa wale salama zaidi, kwa sababu ana ngao ya kupigwa badala yake. Ikiharibika unamwachia Voidwalker balaa unatoka mbio. Kosa linalowaua ni Life Tap ya pupa: umejikata hadi robo, anatokea wa pili ambaye hukumwona. Na tafadhali, kama mtaani kwenu umeme hauna adabu, nunua UPS kabla ya kununua mwezi wa gemu.

Mama ameona mapepo kwenye skrini, anasema nafuga majini. Nimwambieje?

Swali hili naulizwa kuliko unavyodhani, na silicheki. Kwetu Pwani neno "kufuga jini" lina uzito, kuna nyumba zinajulikana mtaa mzima kwa hilo. Mama yako hajakosea kuuliza.

Mimi nilimkalisha mama yangu nikamwonyesha dakika kumi. Alichokiona ni mwanawe anapanga mifuko. Akauliza, "Sasa hiyo ndiyo raha yenyewe?" Hoja ya uchawi ikaisha, ikabaki ya uvivu, ambayo sikuwa na jibu lake.

Kama moyo wako wenyewe hautulii, sikutolei fatwa. Kuna Hunter: ana simba, ana chui, anapiga kwa mbali, na mapambano yake ya peke yake ni mepesi hata kuliko ya Warlock. Isitoshe hata ndani ya gemu wenyewe wanaona haya. Pale mji wa Stormwind wakufunzi wa Warlock hawako barabarani. Unaingia baa iitwayo Slaughtered Lamb, unashuka ngazi hadi chini ya ardhi.

Nimesikia mapepo ya Warlock yaliwahi kuua mji mzima?

Yalishiriki. Septemba 2005, danjeni ya Zul'Gurub ilikuja na bosi Hakkar, mwenye ugonjwa wa damu unaoambukiza anayekukaribia. Ulikusudiwa ubaki mle ndani. Lakini wanyama wa Hunter na mapepo ya Warlock wakifichwa wakiwa wanaumwa, ugonjwa ulingoja nao. Mtu anafika Ironforge au Orgrimmar, anamwita pepo wake, na mji unaanza kuanguka. Wauzaji wa sokoni waliubeba bila kufa, wachezaji wa leveli za chini walikufa wakipita tu. Ilibidi Blizzard wazime na kuwasha upya seva na kurekebisha kanuni. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliandika makala za kisayansi kuhusu tukio hilo mwaka 2007, na wakati wa korona likakumbukwa tena.

Nichague jamii gani?

Ziko nne tu: Human na Gnome upande wa Alliance, Orc na Undead upande wa Horde. Gnome ana akili zaidi, yaani mana. Orc anaongeza nguvu ya mapepo na ni mgumu kuduwazwa. Undead ana uwezo wa kuvunja woga, na ni wa kero kwako kama uko upande wa pili, maana Fear yako anaitupa. Lakini kwa uaminifu, chagua upande walipo rafiki zako.

Na Warlock wa toleo la kisasa?

Ni mtu mwingine mwenye jina lile lile. Mwaka 2010 zama za mifuko ya roho zilikwisha; sasa vipande ni vitano, unavitengeneza vitani na kuvitumia hapo hapo. Sumu kwenye reidi hazikatazwi na mtu. Warlock wa tawi la Demonology ana jeshi zima la Imp. Mwaka 2023 hata Night Elf na Draenei waliruhusiwa kuwa Warlock, jambo ambalo wazee wa gemu walilipigia kelele. Anacheza vizuri zaidi, nakiri. Ila hakuna anayekusubiri mlangoni kwa hamu.

Naweza kumpa pepo wangu jina nilitakalo?

Huwezi. Hunter anambatiza mnyama wake atakavyo, wewe jina unapewa na gemu, na mara nyingi halitamkiki. Jina la Voidwalker wangu wa kwanza mdogo wangu alishindwa kulisoma, akamwita Babu, kwa sababu alikuwa mnene, mpole, na hasogei mpaka aambiwe. Hadi leo ninapoingia Hardcore nyumbani wanauliza, "Babu yuko hai?"